Kipele sehemu za siri: kabla hujajihukumu kuwa ni herpesi

Kama umetoka kujimulika kwa tochi ya simu na sasa moyo unakwenda mbio, pole. Hofu hiyo naijua. Ngozi ya pembeni mwa uke ilinichanika vijistari vyekundu, mkojo ukipita unachonyota, na kila picha niliyoifungua kwenye intaneti ilinithibitishia kuwa nina herpesi, ule ugonjwa wa zinaa wa malengelenge. Nesi aliyenipima aliwasha taa, akaangalia kwa utulivu, akachukua uchafu kwa kijiti cha pamba. Majibu yalikuwa fangasi, na ile michaniko ilitokana na kujikuna.

Wewe huenda ukapata jibu tofauti, lakini utalipata kwa kupimwa, si kwa kulinganisha picha.

Herpesi ya sehemu za siri huletwa na virusi vya HSV-1 au HSV-2. Dalili zikija, mara nyingi huanza siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa: ngozi inawaka, kisha yanatoka malengelenge madogo ya maji, kwa kawaida yakiwa kundi, yanapasuka na kuwa vidonda vinavyouma. Mara ya kwanza mtu anaweza kupata homa na mitoki. Ila wengi wenye virusi hivi hawajawahi kuona chochote, kwa hiyo tafadhali usimtuhumu mwenzio kuwa ametoka nje wiki iliyopita. Virusi vinaweza kukaa mwilini miaka bila kujionyesha.

Kipele chenye unywele katikati baada ya kunyoa, mara nyingi ni wembe tu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kidonda kimoja, kigumu, kisichouma. Hicho kinaweza kuwa kaswende, na kitapona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Usikiache kwa sababu hakiumi.

Nenda kupimwa kidonda kikiwa kibichi. Kipimo kizuri cha herpesi ni kile kinachochukua majimaji ya kidonda chenyewe, na kikishakauka virusi ni vigumu kupatikana. Usipake krimu ya dukani kwanza, hasa zile za mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho). Kipimo cha damu hutafuta kinga za mwili, ambazo zinaweza kuchukua wiki 12 au zaidi kuonekana, na hakisemi kama virusi viko mdomoni au huku chini. Wapo waliolia kwa majibu ya damu yaliyokuja kuonekana si sahihi. Siku hiyohiyo omba kupima kaswende na VVU, maana vidonda vya herpesi hurahisisha maambukizi ya VVU.

Ikiwa ni herpesi, dawa ya asiklovia ipo na hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema. Haiondoi virusi, ila inafupisha maumivu. Acha tendo la ndoa mpaka vidonda vipone kabisa. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza. Mjamzito amwambie mkunga mapema, hata kama vidonda vilikuwa vya zamani, kwa sababu mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa.

Na pale dirishani mapokezi, palipo na foleni nyuma yako, huna haja ya kutaja kitu. Sema, "Nina tatizo la ngozi, nitamweleza daktari." Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, au mwanamume, omba hapohapo.