Ndugu wa Jinja, usiipeleke hiyo koneti kwa fundi!

Nimesoma swali lako, chai imepoa mkononi. Una koneti, yaani tarumbeta fupi, ya babu yako, unataka kujua nani aliitengeneza, inauzwaje, na utapata wapi kile kidude cha kupulizia kilichopotea. Halafu mwishoni umetupia tu kwamba Jumamosi unaipeleka Katwe, kwa mafundi wa vyuma wa Kampala, "ipigwe polishi maandishi yasomeke". Weka chini hiyo koneti, ndugu yangu!

Babu yangu alipiga koneti katika bendi ya KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza), batalioni ya 4, Bombo. Alipofariki ikabaki kwa shangazi ndani ya gunia, nyeusi kama sufuria ya msibani. Jamaa mmoja wa kundi la WhatsApp, anayejiita mtaalamu wa vitu vya kale (vya kale vyenyewe ni redio za kaseti anazouza), akaniambia: "Ing'arishe kwanza, hakuna anayenunua uchafu." Nami nikabeba gunia mbio mbio, nisije nikachelewa kuharibu.

Fundi akaniambia, "Sebo, utadhani imetoka dukani leo." Akaishikiza kwenye gurudumu la mashine. Nusu saa, shilingi 40,000. Ikatoka inang'aa mpaka naona matundu ya pua yangu. Nikatafuta maandishi kwenye mdomo wake mpana: kipara kitupu. Namba kwenye valvu ya katikati (valvu ni vile vibomba vitatu vyenye vitufe vya kubonyeza): hakuna. Na ule weusi kumbe ulikuwa wa fedha, maana koneti ilikuwa imepakwa fedha, nayo yote imebaki kwenye gurudumu. Watu huibiwa fedha bure, mimi nililipia.

Fundi simlaumu, alifanya nilichomtuma. Ila yule mtaalamu! Nilipomrudia, akanijibu bila haya: "Basi tafuta namba yake." Namba ipi, bwana mkubwa? Si ndiyo hiyo uliyonishauri niifute?

Kwa hizi za Kiingereza jina la kiwanda peke yake halikwambii koneti ni ya mwaka gani. Namba ndiyo yenye habari. Vitabu vya kiwandani vya Boosey na vya Besson, watengenezaji wa Kiingereza wa vyombo hivi, vimehifadhiwa Horniman Museum, London, na mwenye namba ana cha kuwauliza. Mimi nina nini? Nakumbuka tu utotoni nilisoma "Euston Road" pale mdomoni, nikadhani ni Mzungu aliyempa babu hiyo koneti. Besson walikuwa na anwani ya 198 Euston Road, kwa hiyo nadhani ni Besson. Nadhani! Nimekuwa mpiga ramli wa matarumbeta.

Kwa hiyo nakili kwanza, hata kitambaa kisubiri. Usiku zima taa, mulika tochi kwa ubavu, siyo kwa mbele. Mikwaruzo uliyodhani ni ya uzee itaanza kusomeka. Weka karatasi nyembamba juu ya maandishi, sugua taratibu kwa penseli laini. Piga picha mdomo wote, valvu zote tatu, hata pale palipobonyea. Valvu ikiwa na namba tofauti na wenzake, huenda ilitolewa kwenye koneti nyingine, wanajeshi hawakutupa kitu. Ukiona alama ya mshale, hiyo ni ya mali ya serikali ya Uingereza, siyo ya kiwanda. Na ukiona picha za medali zimechongwa kwenye koneti, miaka iliyomo ni ya maonyesho kiwanda kilikopewa tuzo, siyo mwaka koneti yako ilipozaliwa. Hilo pia yule mtaalamu alinidanganya, nikatembea mwezi mzima nikijigamba kwa shemeji zangu kwamba koneti yetu ni kongwe kuliko reli ya Mombasa.

Ukishanakili, weka hapa hizo karatasi za penseli tuzione. Na fundi wa Jumamosi mwambie umesafiri.