Programu za kubadilishana vijana: wa kwetu nao waende

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama programu za kubadilishana vijana kati ya mataifa zinatujengea viongozi, au zinawapa tu vijana wachache safari ya bure. Mimi ni mama wa Kihesa, Iringa, na nyumba yangu imewahi kupokea vijana wa Kijerumani wanaokuja kujitolea chini ya programu ya weltwärts. Jibu langu ni kwamba zinajenga, ila pale tu kubadilishana kunapokuwa kubadilishana kweli. Katika nyingi sisi tunapokea tu.

Weltwärts ilianzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008. Miaka ya mwanzo Wajerumani walikuja, basi; mlango wa vijana wa huku kwenda kujitolea kwao ulifunguliwa 2013. Hadi leo wanaokuja ni wengi kuliko wanaokwenda, na sababu haijifichi. Kijana wa kwao sehemu kubwa ya gharama zake hubebwa na serikali yao, na viza haimnyimi usingizi. Wa kwetu aanze na pasipoti ya shilingi 150,000, ajifunze Kijerumani, halafu apande basi karibu kilomita 500 hadi Dar es Salaam kushughulikia viza. Mtoto wa mama ntilie huishia hapo, hata awe na kipaji cha uongozi namna gani.

Mtoto wa dada yangu alibahatika kwenda. Akapangiwa nyumba ya wazee. Mwanzoni kila akipiga simu ni malalamiko: "Mama mdogo, hawa watu wamewatupa wazazi wao!" Baadaye bibi mmoja akamweleza kwamba alihamia pale kwa hiari yake, hakutaka binti yake aache kazi ili amwogeshe. Kijana hakukubaliana naye, na mpaka leo anaapa kwamba mama yake hatahamishiwa popote. Lakini aliacha kuwahukumu.

Aliporudi, wenzake wanaolima parachichi wakamchagua katibu wa kikundi. Nilihudhuria kikao chao kimoja. Mzee mmoja alimpinga mbele za watu kuhusu bei ya miche, tena kwa maneno makali. Akamwacha amalize, akaandika, akauliza wengine wanaonaje. Zamani angenuna wiki nzima. (Kuanza kikao saa iliyopangwa bado kunamshinda, hilo hakurudi nalo kutoka Ujerumani.)

Na wanaokuja je? Waratibu wanapenda kuwapeleka Ruaha kuona tembo. Sawa, ila wawapeleke na Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini. Pale ndipo lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani na kujipiga risasi mwaka 1898 ili wasimkamate akiwa hai, nao wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka walirudishe fuvu hilo, lakini lilirudi 1954. Mgeni wetu mmoja Mjerumani alisimama mbele ya kasha la kioo lenye fuvu, uso umemwiva, akasema shuleni kwao habari hii hakuisikia. Yule mtoto wa dada yangu akamjibu, "Sasa umeisikia. Unasemaje?" Wakabishana kwenye daladala, wakaendelea mezani mpaka ugali ukapoa. Siku iliyofuata walisalimiana kwa shida. Mimi sikuwasuluhisha, kwa sababu hayo ndiyo mazungumzo waliyoletwa kuyafanya, na hakuna semina inayoyafikia.

Programu ya Marekani ya Mandela Washington, ya viongozi vijana wa Afrika, iliyopeleka kundi la kwanza 2014, naiona tofauti. Aliyekwenda kwa kawaida alikuwa na miaka 25 hadi 35, tayari anaongoza kitu kwao, akakaa wiki kadhaa chuoni na kurudi. Aliongezewa makali. Mimi nawasemea wale wa miaka 19, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaweza kuongoza, na ambao hawana barua ya kujieleza kwa Kiingereza kizuri.

Siku hizi mratibu akinipigia kuomba chumba cha mgeni, namuuliza kwanza: mwaka huu wa kwetu anakwenda nani, na nauli yake ya Dar analipa nani? Wapo wenye jibu. Wengine husema watanipigia tena.