Maswali na majibu: Je, A-flati ni ufunguo wa makaburi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninaongoza kwaya ya sauti nne. Tuna wimbo wa maombolezo ulioandikwa do ni F, meja (skeli ya kawaida ya do re mi). Nimetumiwa kwenye simu jedwali la hisia za kila ufunguo, yaani noti ambayo do inaanzia, na A-flati imeandikiwa kifo, kaburi na umilele. Tukauhamishia huko kwa kitufe cha kinanda. Huzuni haikuongezeka, wimbo umekuwa kama wa harusi, na teno wanalalamika koo. Je, twende D maina ambayo jedwali linaiita ufunguo wa majonzi? Au tushushe kinanda ili A iwe na mitetemo 432 kwa sekunde badala ya 440, maana aliyenitumia anasema 440 inavuruga roho? (Mwongoza kwaya, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, teno wako wana haki ya kulalamika. Kutoka F hadi A-flati mmepanda nusu toni tatu, yaani vibonye vitatu vya kinanda ukihesabu vyeupe na vyeusi. Do ya juu ya soprano ilikuwa na mitetemo kama 698 kwa sekunde, sasa ni 831. Ya teno imetoka 349 ikafika 415. Kwa waimbaji wasio na mafunzo ya sauti, hapo nyuzi za koo zimevutwa sana, pumzi inasukumwa kwa nguvu, na sauti inatoka kali na kubwa. Msikilizaji hasikii A-flati, anasikia watu wanaopaza sauti. Ndiyo maana mmepata harusi.

Kuhusu D maina, kitufe cha kinanda hakiwezi kuwafikisha huko hata mkikibonyeza mchana kutwa. Kitufe hicho hupandisha au kushusha kila noti kwa kiasi kilekile, kwa hiyo wimbo wa meja utabaki meja popote mtakapoupeleka. Kuufanya maina ni kuuandika upya: mi inashuka nusu toni, la inashuka, ti inashuka mahali fulani na mahali pengine inabaki, na alto, teno na besi lazima wapangiwe njia mpya, la sivyo watagongana na sauti ya kwanza. Huo ni utunzi, na mwenye wimbo anastahili kuulizwa kwanza.

Kosa ninalokutana nalo kila wiki ni hilo la kuchanganya vitu viwili. Kuna mpangilio wa hatua ndani ya skeli, yaani meja, maina au maqamu (skeli za Kiarabu), na kuna mahali pa kuanzia, ambapo ndipo ufunguo. Mpangilio una uzito katika hisia. Mahali pa kuanzia, kwenye kinanda cha leo, karibu hapana uzito wowote isipokuwa urefu wa sauti. Ninyi mnaosoma do re mi mnapaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, kwa sababu mfumo wenu mzima umejengwa juu yake: karatasi ikisema do ni F au do ni G, mi bado ni mi. Msomaji wa Qurani anayesoma kwa maqamu iitwayo Saba huanza pale koo lake linaporidhia, na anayemsikiliza anaitambua Saba palepale. Katika taarabu, maqamu ya Hijazi ina nusu toni, kisha toni moja na nusu, kisha nusu toni. Ianzie D au G, ni Hijazi. Mwimbaji akiomba wapiga kanuni (ala ya nyuzi) na udi washuke kidogo, anaomba kwa ajili ya koo lake.

Jedwali lako linatokana na Mjerumani Christian Friedrich Daniel Schubart, mshairi na mpiga vinanda aliyefungwa miaka kumi katika ngome ya Hohenasperg, kuanzia 1777 hadi 1787. Maandishi yake kuhusu muziki yalichapishwa 1806, yeye akiwa alishafariki 1791. Ndiye aliyeiita A-flati ufunguo wa makaburi, na E-flati ufunguo wa mapenzi na ibada kwa kuwa flati zake tatu zinaashiria Utatu Mtakatifu. Ona ushahidi ulivyo: hesabu ya alama kwenye karatasi, ambazo masikio hayazisikii.

Sijamaliza. Schubart huyohuyo anasema A meja ni ya mapenzi safi, furaha ya ujana na kumtumaini Mungu. Vikundi vingi vinavyopiga muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na 18 kwa ala za namna ya zamani leo hupatanisha A iwe 415, badala ya 440 yetu. Lakini 415 kwenye kinanda chako ni A-flati. Wimbo wao wa A meja, wa furaha ya ujana, ukiusikia kwa sikio la kinanda chako ni wimbo wa A-flati, wa makaburi. Sauti ni ileile. Na hili si tatizo la leo tu. Enzi za mtunzi Bach mjini Leipzig, Ujerumani, ogani za kanisa zilikuwa juu ya ala nyingine kwa toni nzima, hivyo mpiga ogani aliandikiwa karatasi iliyoshushwa toni moja. Fidla zikiwa C, ogani ilikuwa B-flati, katika wimbo uleule, dakika ileile. Jedwali litawapa waumini wale hisia ya ufunguo upi?

Nitawatendea haki watu wa zamani, hawakuwa wanaota. Vinanda vyao havikugawanya oktava (do hadi do ya juu yake) sawasawa kama vyetu. Chukua mpatanisho wa Mjerumani Andreas Werckmeister wa 1691. Ukigawa kila nusu toni ya leo katika senti 100, umbali wa do hadi mi ulio safi kabisa ni senti 386. Kwa Werckmeister, C hadi E ni senti 390, karibu na usafi, ilhali A-flati hadi C ni senti 408, inayokwaruza sikio. Kwenye kinanda cha namna hiyo C kweli ilitulia na A-flati kweli ilisumbua. Kinanda chako kina senti 400 kwa kila ufunguo, bila ubaguzi. Tofauti aliyoweza kuisikia Schubart imefutwa na kiwanda, na watu bado wanasambaza jedwali lake.

Ala zenye nyuzi bado zina tofauti ya kweli. Fidla ina nyuzi G, D, A na E. Ukipiga D meja zote nne zimo ndani ya skeli, zinaitikia zenyewe na fidla inang'aa. Ukipiga A-flati meja ni G peke yake iliyomo, na sauti inakuwa imefunikwa. Gitaa nalo linavuma kwa E, A, D na G kwa sababu ya nyuzi zinazoachwa wazi. Hiyo ni kazi ya mbao na nyuzi. Mkiimba na kinanda tu, haiwahusu.

Sasa kazi yenu. Rudisheni wimbo F, kisha shusheni hadi D meja, nusu toni tatu chini. Do ya juu ya soprano na ya teno itaangukia D, mahali wanapoweza kuimba polepole na kwa sauti ndogo bila kukaza shingo. Kabla ya kukubali, angalia chini: besi wasipelekwe chini ya F ya pili kushuka kutoka C ya kati, na alto wasiende chini ya G iliyo chini ya C hiyo. Wakizama huko hawatasikika na mtapoteza nusu ya kwaya. Kama besi wanagonga do ya chini kabisa, D haiwezekani, wala E, ibakieni F.

Halafu shughulikieni mwendo, ambao watu huupuuza wakitafuta ufunguo wa miujiza. Mtafiti Kate Hevner alionyesha miaka ya 1930 kwamba mwendo una nguvu kuliko urefu wa sauti katika kubadilisha hisia za msikilizaji. Kama mnaimba mapigo 84 kwa dakika, shukeni hadi 60. Tahadhari: mstari wa baa nne zenye mapigo manne kila moja uliokuwa sekunde 11 na ushee utakuwa sekunde 16, na wengi watakatika pumzi katikati ya neno. Wapangie wanaokaa jirani wavute pumzi kwa zamu. Mkiimba bila kinanda kwa mwendo huo, kwaya itashuka. Mi na ti ndizo zinazolegea kwanza, hasa mnapoteremka. Pigeni do mwishoni mwone mmeshuka kiasi gani.

Wala msiione meja kuwa adui wa majonzi. Nyimbo nyingi tunazoimba makaburini ziko meja na watu wanalia. Meja kuwa furaha na maina kuwa huzuni ni jambo linalotegemea sana mazoea: utafiti uliochapishwa 2022 kutoka Papua New Guinea ulikuta dalili ndogo mno kwamba uhusiano huo ni wa binadamu wote.

Kama wanakwaya hawajaridhika, rekodi wimbo kwa kinanda, mlio mmoja, mwendo mmoja, mara moja F na mara moja F-shapu. Wasikilizishe siku tofauti, kila mtu aandike hisia yake bila kuambiwa ufunguo. Usizipige zikifuatana, maana watasikia kupanda tu.

Hiyo 432 ndiyo inayonikera kuliko yote, kwa sababu inauzwa. Wanauza rekodi, wanauza uma za kupatanishia, wanaahidi usingizi na uponyaji, na wenzao wanasema 528 inatengeneza vinasaba. Namba hizo ni mitetemo kwa sekunde, na sekunde ni kipimo kilichowekwa na wanadamu. Tungegawa siku kwa namna nyingine, sauti hiyohiyo ingekuwa na namba nyingine. Hata 440 haina utakatifu wala laana. Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859, na mkutano wa London wa 1939 ukapendekeza 440 ili ala za nchi mbalimbali zikutane. Kutoka 440 hadi 432 ni senti 32, chini ya theluthi ya nusu toni. Kwaya yenu ikiimba bila kinanda inashuka zaidi ya hapo kabla ya ubeti wa tatu, na hakuna aliyepona wala aliyeugua kwa hilo. Mgonjwa anayeambiwa asikilize rekodi badala ya kwenda hospitali anaibiwa muda, na mwongoza kwaya anayesambaza jedwali hilo anamsaidia mwizi, hata kama nia yake ni njema.

Na kama mmeshashusha kinanda, kirudisheni 440 kabla ya ibada. Mpiga gitaa atakuja amepatanisha kwa kipimo cha simu yake, na A yake dhidi ya A ya 432 itafanya sauti iyumbe mara nane kila sekunde. Kwaya haitajua imfuate nani.