Hata mwenye usonji tumbo humuuma: maswali yenu na majibu yangu

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu kuhusu tumbo langu, kwamba nikiwa na safari au mgeni nyumbani nafunga choo hata siku nne. Maswali yaliyofuata yamezidi ya mada zote nilizowahi kugusa. Kumbe watu walikuwa wanasubiri mmoja aanze kutaja choo bila kuona haya. Haya, nimeanza. Mimi si daktari. Ni mtu mzima mwenye usonji, na tumbo langu limekuwa korofi tangu chekechea. Panapotaka daktari nitasema.

Dada, mwanangu ana miaka 8, ana usonji na hasemi. Tangu mwezi wa tatu, kila jioni analalia tumbo kwenye mkono wa kochi, anajikandamiza kwa nguvu, halafu anajipiga kichwani. Usiku anaamka analia. Hospitali tumeambiwa ni tabia za usonji, tukapewa dawa ya kumtuliza. Yaweza kuwa kitu kingine? (Mama, Morogoro)

Mama, kwa jinsi ulivyouliza, nusu ya jibu unalo. Mtoto asiyesema anayetafuta kitu kigumu cha kukandamizia tumbo, saa zilezile kila jioni, kisha anaamka usiku analia, huyo anakueleza panapouma kwa njia aliyo nayo. Kujipiga kichwani nako hakuko mbali na hapo. Mimi utotoni nilikuwa najing'ata mkono tumbo likisokota, kwa sababu maumivu ninayojitia mwenyewe nayajua yanaanza lini na yanaisha lini.

Madaktari wenyewe walishaliandika jambo hili. Mwaka 2010 jopo la wataalamu, jina la Timothy Buie likiwa la kwanza kwenye orodha, lilichapisha makubaliano katika jarida la Pediatrics la Marekani: mwenye usonji akiwa na dalili za tumbo achunguzwe kama mtu mwingine yeyote, na kwa asiyeweza kusema, tabia iliyobadilika yaweza kuwa ndiyo dalili ya maumivu. Miaka minne baadaye jarida hilohilo likatoa uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi. Watoto wenye usonji walionekana kupata matatizo ya tumbo zaidi ya mara 4 kuliko wenzao. Kufunga choo peke yake kulizidi mara 3.

Sasa vitendo. Chukua daftari, uandike saa alizolia, alichokula, na choo kilivyokuwa. Ipo chati maarufu iliyotoka Bristol, Uingereza, inayogawa choo katika aina 7, kuanzia vijibonge vikavu kama vya mbuzi hadi maji matupu. Itafute kwenye simu, utamwambia daktari "aina ya 1" badala ya kuhangaika na maneno. Kisha mrekodi video jioni moja, nusu dakika inatosha. Daktari anakuona dakika kumi asubuhi, mtoto anaumwa jioni. Bila video ataona mtoto anayechezesha vidole mbele ya macho, na atatibu anachokiona.

Ukirudi, omba apapaswe tumbo kuona kama choo kimejazana, apimwe choo kwa minyoo na jiadia (kijidudu cha utumboni), uulizie kiungulia, na aangaliwe meno na masikio, maana maumivu ya huko nayo huishia kwenye kujipiga kichwa. Ukiona unapuuzwa, uliza kwa adabu: "Daktari, angekuwa mtoto asiye na usonji mwenye dalili hizi, ungempima nini?" Halafu nyamaza. Ukimya ule ndio unaofanya kazi, nimeutumia mwenyewe.

Dawa ya kutuliza usiiache ghafla, ila mtajie daktari kwamba unahofia choo, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hufunga choo. Na ukiona damu kwenye choo, matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kuwa gumu, homa, au mtoto anapungua uzito, usisubiri daftari lijae. Mpeleke siku hiyohiyo.

Wangu ana miaka 6. Anachafua chupi mara nne, tano kwa siku, choo laini kama uji. Nampa dawa ya kuzuia kuharisha, haisaidii. Bibi yake anasema ni ukaidi, achapwe. (Baba, Mombasa)

Baba, huenda mtoto haharishi kabisa. Choo kigumu kikikwama chini kwa siku nyingi, kile laini cha juu hupenya pembeni na kuvuja, kama maji yanavyopita kando ya jiwe lililoziba mtaro. Na utumbo uliotanuka muda mrefu hupoteza hisia. Hajui kama choo kimemtoka mpaka anusiwe na wenzake. Ukimchapa, unamchapa kwa jambo ambalo mwili wake haukumpa taarifa.

Basi simamisha hiyo dawa ya kuzuia mpaka daktari ampapase tumbo. Ikiwa ndivyo nilivyosema, kuna hatua mbili. Kwanza kusafisha kilichokwama kwa dawa ya kulainisha, kama laktulosi au makrogoli, kwa kipimo atakachoandika daktari. Pili kuendelea na dozi ndogo kwa miezi, mpaka utumbo urudi umbo lake. Hapa pa pili ndipo wengi wanapoanguka: chupi ikikaa safi wiki mbili wanaacha, na mwezi ujao wako palepale.

Mkalishe chooni dakika tano hadi kumi baada ya chakula, kwa kuwa utumbo husukuma wenyewe tumbo la juu likishajaa. Kama ni choo cha kukaa, weka kigoda miguu ipate pa kukanyaga. Kama ni cha kuchuchumaa, mkao wenyewe ni mzuri, lakini hakikisha haogopi lile shimo. Wengi wetu tuliliogopa na hatukusema. Bibi mpe shikamoo zangu, fimbo abaki nayo.

Kuna mtaalamu wa lishe mtandaoni ananiuzia mpango wa kula bila ngano na maziwa. Anasema tumbo likipona usonji unaisha. Nilipe? (Mama, Nairobi)

Usilipe. Mpango huo umepimwa mara nyingi na haujaonyesha kwamba unaondoa usonji. Kila baada ya miaka hutokea kitu cha tumbo kinachodaiwa kuuponya. Mwaka 1998 ilikuwa sekretini, homoni ya mmeng'enyo. Watoto watatu walisemekana wamebadilika baada ya kudungwa, wazazi wakaitafuta kila kona, na mwaka 1999 ilipolinganishwa na sindano ya maji ya chumvi haikuonyesha tofauti.

Lakini sitakuambia ni upuuzi mtupu, kwa sababu kuna namna mpango huu "unavyofanya kazi". Waafrika wengi, tukishaachishwa ziwa na kukua, hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Jamii za wafugaji ndizo nyingi zinazoendelea nacho. Mtoto anayekunywa chai ya maziwa mara tatu kwa siku na tumbo linajaa gesi, ukimwondolea maziwa atatulia. Ametulia kwa kuwa haumwi. Usonji wake uko palepale, ila muuzaji ndiye anayechukua sifa.

Kwa hiyo jaribu bure: ondoa maziwa peke yake kwa wiki mbili, uone. Yakimfaa kuyaacha, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao watasaidia kuziba pengo la kalisiamu. Ngano usiiguse kabla hajapimwa damu ya siliaki, ugonjwa ambao ngano huudhuru utumbo, kwa sababu ukishaiacha kipimo hicho kinaweza kukudanganya. Tena ugali hauna gluteni, ile protini ya ngano inayokatazwa. Nyumba nyingi za huku zinafuata nusu ya mpango huo wa bei ghali bila kujua.

Kundi letu la WhatsApp wanasifia matone ya klorini dioksidi, ya kunywa na ya kupitisha nyuma, eti yanatoa minyoo inayoleta usonji. Wametuma picha, vitu kama kamba vinatoka kweli.

Hiyo ni kemikali ya kupaushia karatasi na nguo. Zile kamba ni ute na ngozi ya ndani ya utumbo inayobanduka kwa kuungua. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya watu kuhusu matone hayo, mwaka 2019 kwa mara nyingine, baada ya taarifa za kutapika na kuharisha kupita kiasi. Hakuna minyoo inayoleta usonji. Kama mtoto ameshapewa na anatapika au amelegea, funga simu uende hospitali, na chupa uibebe.

Shikamoo dada. Nina miaka 21, nina usonji, niko chuo naishi hosteli. Vyoo vya pamoja vinanishinda. Nabana kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa nikirudi nyumbani. Tena huwa sijui kama nina njaa mpaka nitetemeke. Nina kasoro gani? (Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Barua yako ningeweza kuiandika mimi mwaka wangu wa pili chuoni. Taa inayopepesa, bomba linalodondosha tone kwa tone kwenye ndoo, sakafu imelowa na hujui ni maji gani, komeo limeng'oka kwa hiyo unashika mlango kwa mkono mmoja, na mwenzako anagonga: "Bado tu?" Watu wengine huona kero, wanajisaidia wanatoka. Mwili wangu ulikuwa unafunga kabisa, kama mlango wa duka.

Tatizo la kubana ni hili: choo kikikaa, utumbo mpana unaendelea kunyonya maji yake. Cha Jumatatu kikifika Ijumaa ni jiwe, kinachana, na wiki inayofuata unakiogopa zaidi. Mimi nilifika hospitali na tumbo linalowaka nikaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu, bila kipimo hata kimoja na bila mtu kuniuliza, "Unapata choo?" Nami sikusema, nilidhani ndivyo watu wote walivyo.

Kilichonisaidia kilikuwa saa. Niligundua saa kumi na moja kasorobo alfajiri vyoo vimeoshwa na hakuna mtu. Nilikuwa na ndala zangu za choo tu, ndoo yangu, spika za masikioni, na leso niliyoikamulia ganda la limau naiweka puani. Chai ya moto kwanza, dakika kumi, halafu naenda, iwe nimesikia haja au sikusikia. Kingine: nenda ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu, uombe ufunguo wa choo kimoja kinachofungika. Andika barua, usieleze kwa mdomo, ukianza kueleza choo kwa mdomo utaona aibu utasema "basi, si neno."

Kuhusu njaa, wengi wetu taarifa za ndani ya mwili hutufikia kwa kuchelewa, au zinafika zote kwa mkupuo kama kelele. Njaa, kiu, haja, hata homa. Si kasoro ya tabia. Weka kengele ya simu: kula, maji, choo. Mimi nina miaka zaidi ya kumi naishi na kengele hizo na sijawahi kuona haja ya kuzifuta.

Binti yangu anakula wali mweupe, chipsi na mkate basi. Choo kigumu mno. Nimejaribu kumsagia mchicha ndani ya wali. (Mama, Zanzibar)

Mama, mchicha wa kificho acha. Akigundua, na atagundua, atakata na wali, ubaki na vyakula viwili. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11, katika maelezo ya mwanzo ya usonji, alitaja wazi shida ya kula ya baadhi yao tangu wachanga. Si malezi yako. Utafiti mmoja wa Australia wa mwaka 2021 ulikwenda mbali zaidi: tofauti za bakteria wa utumboni zilifuata uchache wa vyakula vinavyoliwa, wala hazikuonekana kuwa chanzo cha usonji.

Anza na kinachofanana na anachokipenda. Vyakula vyake ni vyeupe au vikavu, havina mchuzi, havina mshangao. Bisi! Ni nyeupe, ni kavu, zinalia mdomoni, na ni mahindi mazima yenye nyuzinyuzi zake (kwa aliyevuka miaka mitano, asije akapaliwa). Chipsi za viazi vitamu zilizokatwa umbo lilelile. Ubuyu wa kumung'unya umpe nusu kikombe, ukiwa usio na rangi. Weka kwenye sahani ya pembeni, usimwambie ale. Akinusa leo, akigusa wiki ijayo, mmepiga hatua. Maji kwenye kikombe kilekile kila siku. Orodha ikizidi kupungua au uzito ukishuka, hapo ni daktari.

Dada, wewe ukisafiri na hilo tumbo unafanyaje?

Dar hadi Mbeya kwa basi? Siku mbili kabla nakula papai asubuhi na jioni, maziwa siyagusi. Kiti cha dirishani, mbele. Njiani nakula ndizi mbivu na mkate mkavu nilioubeba, chakula cha kituoni hapana. Konda akitangaza kuchimba dawa nashuka kila mara, hata kama sisikii chochote, na nawaacha wenzangu wamalize kwanza.