Riwaya ya majini si lazima uwe umesomea fasihi

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu anayeuza dukani Kariakoo na hajasomea fasihi anaweza kuandika riwaya ya majini na falme za kubuni, na mawazo ayatoe wapi. Unaweza kabisa! Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali na bado akatuachia Kusadikika, nchi nzima iko angani, mwaka 1951 hiyo. Tolkien, yule Mwingereza aliyeandika The Lord of the Rings, alikuwa mtu wa lugha, akafundisha Oxford, na yeye alianza kubuni lugha kwanza ndo hadithi zikafuata, kwa hiyo anza na kile unachokijua.

Mi nilianza kuandika kwenye simu ndani ya daladala, Mbagala kwenda Posta, na sura tatu za kwanza nikazifuta zote maana nilijaza theluji na makasri ambayo sijawahi kuyaona, nikaja kuhamishia hadithi Kigamboni kwenye kijiji kama Gezaulole, jina lenyewe tu kwa Kizaramo ni jaribu uone, hapo maneno yakaanza kutoka yenyewe.

Uchawi wako uwe na bei lakini. Jini akimpa mtu mali anamdai nini, na lini? Hapo ndo msomaji anabanwa.

Ukifunga duka andika hata nusu ukurasa, usirudi nyuma kusahihisha mpaka ufike mwisho, halafu msomee mtu kwa sauti, akianza kushika simu yake weka alama hapohapo.