Muratov si mchezaji wa kigeni

SWALI: Natafsiri habari za kimataifa katika redio moja ya Morogoro. Habari za asasi na vyombo vya habari vya Urusi na Georgia vinavyobanwa kwa kupokea fedha kutoka nje zinanijia kila mwezi. Mimi huandika "wakala wa kigeni" hata wakiwa wengi, mhariri wangu hubadilisha ikawa "mawakala wa kigeni". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri wako. Wakala akiwa mtu, wingi wake ni mawakala, kama wale mawakala wa vyama wanaokaa vituoni siku ya kupiga kura. Wakala ikiwa ofisi ya serikali, neno halibadiliki. Tulilipokea kutoka Kiarabu pamoja na ndugu yake wakili, na asili yao wote wawili ni kukabidhiwa jambo la mtu mwingine. Swali lako limekwisha hapo.

Langu ndilo linaanza. Wewe na mhariri wako mmegombania "ma-" huku "wa kigeni" ikipita katikati yenu bila hata kuulizwa inakwenda wapi.

Mchezaji wa kigeni ni nani? Ni yule aliyeshuka na ndege kutoka Lusaka au Ouagadougou, akapokelewa na mashabiki na matarumbeta. Kocha wa kigeni, mtalii wa kigeni, mwekezaji wa kigeni: sifa inamwangukia mtu mwenyewe, kwamba yeye si wa hapa. Hakuna anayesikia "kocha wa kigeni" akadhani ni Mnyamwezi wa Tabora anayelipwa mshahara na Wamisri. Wakenya wana Waziri wa Mambo ya Kigeni na hakuna anayemshuku uraia wake, kwa sababu hapo ugeni umebebwa na mambo. Kwenye "wakala wa kigeni" hakuna mambo ya kuubeba. Anaubeba wakala.

Sasa mchukue Dmitry Muratov. Amezaliwa Samara, kando ya mto Volga, mwaka 1961. Amesoma huko huko, akatumikia jeshi la Kisovieti, akaliongoza gazeti la Novaya Gazeta kwa miaka mingi kwa lugha ya Kirusi, kwa wasomaji Warusi, kuhusu maovu ya Warusi. Mwaka 2021 akapata Nobeli ya Amani. Tarehe 1 Septemba 2023 Wizara ya Sheria ya Urusi ikamtia kwenye orodha yake ya hao "mawakala", ikidai anatumia majukwaa ya nje kujenga chuki dhidi ya sera za nchi. Jioni redio zetu zikatangaza: "wakala wa kigeni Dmitry Muratov". Msikilizaji wa Kilosa afikirie nini? Atamwona mtu mwenye begi la magurudumu anayegongewa muhuri wa viza pale uwanja wa ndege wa Moscow. Mzaliwa wa Volga amefanywa mgeni, na waliomfanyia kazi hiyo ni sisi, bure, bila hata posho.

Simwachi Muratov bado, maana ananifaa. Gazeti lake lilipoanza mwaka 1993, kompyuta zake za kwanza zilinunuliwa kwa sehemu ya fedha za Nobeli ya Mikhail Gorbachev. Zilitoka nje, ndiyo, kwa mkono wa rais wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti. Muratov naye aliipiga mnada medali yake huko New York, Juni 2022, ikanunuliwa kwa dola milioni 103.5, na zote akazielekeza kwa watoto wakimbizi wa Ukraine kupitia UNICEF. Kama ni fedha za kigeni, basi za mtu huyu zilikuwa zinatoka, haziingii. (Na hizo "fedha za kigeni" nazo zina kituko chake: benki kuu ikizipata tunapiga makofi, asasi ikizipata tunakunja uso.)

Utaniambia Kirusi chenyewe kinasema "inostranny agent", sifa na jina, neno kwa neno. Kinasema hivyo, na waliotunga sheria ya Urusi yenye jina hilo mwaka 2012 hawakuteleza ulimi. Kwa Mrusi aliyelelewa na bibi aliyeziona enzi za Stalin, agenti wa nje ni jasusi, na jasusi alikuwa mtu wa kupigwa risasi. Neno lilichaguliwa kwa harufu yake. Ndiyo maana wizara ililazimisha walioorodheshwa wajibandike tangazo hilo juu ya kila wanachochapisha. Memorial, asasi iliyokusanya majina ya waliouawa na Stalin, iliamriwa na mahakama ivunjwe Desemba 2021, na kosa kubwa lililotajwa ni kutoweka kibandiko hicho. Kama hao waliokubali kufungwa milango wanalikataa neno, mtafsiri wa Morogoro ana haraka gani ya kuwabandika?

Nusu ya kwanza nayo ina kasoro. Uwakala una watu wawili: anayetuma na anayetumwa. Mwenye kibanda cha pesa za simu ana mkataba, ana laini ya uwakala, anakula kamisheni, na ukimuuliza nani kamtuma anakuonyesha bango juu ya kichwa chake. Sheria ya Marekani ya 1938, ambayo Moscow hupenda kusema imeiiga, inamtafuta mtu anayefanya kazi kwa agizo, ombi au usimamizi wa bosi wa nje. Ya Moscow ilitosheka na mambo mawili: umepokea fedha kutoka nje, na unafanya kile wizara inachokiita siasa. Kutumwa hakukuhitaji ushahidi. Tangu Desemba 2022 hata fedha si lazima. Inatosha serikali iseme uko chini ya "ushawishi" wa nje. Wakala asiye na aliyemtuma! Kiswahili hakina mtu huyo.

Nchi nyingine nazo kila moja ilichagua jina lake, na sisi tumezitia zote kapu moja. Hungaria mwaka 2017 iliandika "shirika linalosaidiwa kutoka nje", jina la adabu kidogo, hadi mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipoikataa sheria hiyo mwaka 2020. (Viktor Orbán, aliyeipigania, alikwenda kusoma Oxford mwaka 1989 kwa ufadhili wa George Soros, bilionea wa Marekani anayefadhili asasi za aina hiyo hiyo. Fadhila za punda.) Georgia ilikuja na neno "mawakala" mwaka 2023, barabara za Tbilisi zikajaa watu, muswada ukaondolewa. Mwaka 2024 ukarudi umevaa kanzu nyingine: safari hiyo likawa shirika "linaloendeleza maslahi ya taifa la kigeni", yaani lolote linalopata zaidi ya asilimia 20 ya mapato yake kutoka nje. Waandamanaji hawakuhangaika na kanzu, waliuita "sheria ya Kirusi". Kyrgyzstan mwaka huo huo ikachagua "mwakilishi". Kwenye taarifa zetu za habari? "Sheria ya mawakala wa kigeni", Budapest hadi Bishkek.

Wala sikatai kwamba fedha zipo. Washington ilipozuia misaada Januari 2025, vyumba vya habari vya Ukraine na nchi za jirani vilianza kupunguza watu na kuomba michango ya wasomaji ndani ya wiki chache. Nani anamlipa mwandishi ni swali halali kabisa. Ila mkiliuliza, nawasihi msituletee tena "anayemlipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo". Hiyo ni methali ya Waingereza iliyovalishwa msuli. Huku kwetu mpiga zumari hutunzwa akiwa tayari anapuliza, na wimbo ni wake. Tunayo "mkono mtupu haulambwi", fupi na kali zaidi.

Hukumu yangu basi. Magazetini nitavumilia "wakala wa nchi za nje", ikiwa ndani ya alama za mtajo. Redioni alama hazisikiki, kwa hiyo tumia kitenzi: "Muratov, ambaye serikali ya Urusi imemworodhesha kuwa wakala wa nchi za nje". Aliyesema asikike kwamba ndiye aliyesema. Kwa Georgia na Hungaria, taja jina lile lile lililoandikwa katika sheria inayozungumzwa. Mhariri akilalamika kwamba sekunde hazitoshi, mwambie akate "kwa mujibu wa taarifa zilizotufikia hivi punde"; pale kuna sekunde tatu ambazo hazijawahi kumfikishia mtu chochote.