Maswali na majibu: borohaidraidi iliyopotelea majini

Niliyeyusha sodiamu borohaidraidi, unga wa kupunguza kampaundi (yaani kuzipa haidrojeni), kwenye maji matupu jioni. Asubuhi haikupunguza ketoni yangu, kampaundi ya kaboni niliyotaka iwe alkoholi, hata chembe. Nimeuziwa bandia?

Hapana, maji yameila usiku. Kila moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ikimenyuka na maji hutoa moli nne za haidrojeni, ikabaki borati, chumvi ya boroni isiyokufaa kwa lolote. Mwenye usukani hapa ni pH, kipimo cha asidi na besi: ikipanda, besi imezidi. Kwenye nyuzi 25 za Selisiasi, nusu yake huisha kwa sekunde 40 hivi pH ikiwa 8, kwa takriban saa nzima ikiwa 10, na kwa zaidi ya mwaka ikiwa 14. Kila pH inapopanda kwa moja, uhai wake huongezeka mara kumi. Kwa hiyo tangulia kuyeyusha sodiamu haidroksaidi, besi ya kupandisha pH, unga wa borohaidraidi ufuate. Ukigeuza mpangilio huo, umeshapoteza kiasi kabla hujakoroga.

Mbona mapovu huanza kwa vurugu kisha hutulia, na unga bado upo?

Borati inayozaliwa ni besi. Inapandisha pH, na mmenyuko unajipunguzia kasi wenyewe. Utulivu huo umewaponza wengi, nami nimo: nilidhani kazi imekwisha, nikamimina asidi kwa mkupuo, povu likapanda hadi mezani. Gramu moja tu hutoa karibu lita mbili na nusu za haidrojeni. Tia asidi tone kwa tone, chombo kikiwa wazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, na pasiwe na moto karibu.

Niiyeyushe kwenye methanoli au ethanoli?

Methanoli huila haraka, ethanoli polepole. Kwa aldihaidi, jamaa ya ketoni iliyo rahisi zaidi kupunguzwa, sihangaiki: juu ya barafu hupunguzwa kabla methanoli haijafanya uharibifu mkubwa.

Esta yangu, kampaundi ngumu kupunguzwa kuliko ketoni, haiguswi na borohaidraidi hii.

Jaribu lithiamu borohaidraidi. Ioni ya lithiamu hushika oksijeni ya kabonili (kaboni na oksijeni zilizoungana kwa bondi mbili) na kuifanya kaboni iwe rahisi kushambuliwa. Sodiamu ni dhaifu kwa kazi hiyo.

Chupa ya zamani, unga umeshikana madonge. Nitupe?

Madonge ni dalili ya unyevu, bado si hukumu. Pima gramu 0.1, idondoshee asidi hafifu, kusanya gesi kwenye silinda iliyopinduliwa majini. Unga safi hutoa karibu mililita 260 kwenye joto la chumba. Ukipata 130, nusu imekwenda. Tumia maradufu ya kipimo chako cha kawaida.